Kuroiler wa siku hizi mbona hawajazi mizani? Kuku wa nyama nichague yupi?

#1 Mama Rehema (Busia)
Hamjambo humu. Nafuga kuku wa nyama hapa Busia, upande wa Uganda. Siku zote nimekuwa mtu wa Kuroiler, wale kuku wa rangi wa nyama na mayai. Wana rangi, wanajua kuparura, na mnunuzi akimwona jogoo mwekundu haulizi maswali anayouliza akiona kuku mweupe.

Sasa kundi nililonalo lina miezi mitatu na mizani haisemi kitu. Nimewapima asubuhi kabla hawajala, kwa ule mzani wa kuning'iniza. Jogoo mmoja kilo 2.3, mwenzake kilo 1.2. Walitotolewa siku moja na wanakula bandani pamoja. Ukimshika yule mdogo, mfupa wa kidari unakuchoma kiganja, nyama hakuna. Hawaugui kwa macho, vifo ni vichache, na wanakula vizuri mno. Hapo ndipo uchungu ulipo, maana gunia linaisha na uzito hausogei.

Msimamo wangu: mbegu ya Kuroiler imechakachuliwa. Ile ya zamani siyo hii. Nihamie wapi? Broila mweupe, Sasso, au nirudi kwa kienyeji? Wateja wangu ni hoteli za mjini zinazotaka kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa, na wachuuzi wanaotaka kuku mzima wa kubeba sokoni.

#2 Kijana wa Seeta (Mukono)
Mama, kwa hoteli jibu ni broila, na silisemi kwa ushabiki. Broila wa mbegu ya Cobb 500 au Ross 308 ukimlisha inavyotakiwa anafika kilo 2 ndani ya wiki 5, na wiki ya 6 amepita. Kila kilo moja ya uzito inamgharimu chakula kama kilo 1.7. Chakula ndiyo karibu asilimia 70 ya gharama ya banda, kwa hiyo kuku anayekaa wiki 12 anakula pia kwa ajili ya kukaa tu: kutembea, kupigana, kuota manyoya. Katika wiki hizo 12 mimi napitisha makundi mawili na banda linapumzika katikati.

Ila broila hataki mzaha wiki ya kwanza. Vifaranga wakishafika nawaacha wale na kunywa, usiku naingia na tochi ndogo, namshika mmoja mmoja napapasa pale chini ya shingo penye mfuko wa chakula. Ukiwa umejaa na ni laini kama uji mzito, amekula na amekunywa. Ukiwa mgumu, amekula bila maji. Ukiwa mtupu, ana baridi au chombo kiko mbali naye. Kifaranga aliyefika na gramu 40, siku ya 7 awe amefika mara nne ya hapo au zaidi. Asipofika, hutamrudisha tena kwenye mstari.

#3 Afande Mstaafu (Bombo)
Kijana wa Seeta, umeeleza vizuri lakini umeruka mdomo wa mlaji. Mimi nafuga kienyeji hapa Bombo, na wageni wa arusi na maziko hawataki kuku wa wiki tano. Wanataka kuku aliyekomaa, mchuzi wake una mafuta ya manjano na mfupa haumeguki. Jogoo wa kienyeji anachukua miezi 6 au zaidi kufika kilo 1 na nusu, ni kweli, lakini bei yake kwa kilo ni juu na anajitafutia sehemu kubwa ya chakula. Mama Rehema, wachuuzi wako wanajua hilo.

#4 Kijana wa Seeta (Mukono)
Afande, ukifuga 20 wanajitafutia. Ukifuga 300 ndani ya uzio wa mjini, watajitafutia nini? Siku ya pili hakuna jani wala mchwa.

#5 Daktari wa Mifugo (Arua)
Habari za wote. Mama Rehema, kabla hujahama nijibu jambo moja: hao vifaranga walitoka kwa nani, na wazazi wao ni kina nani?

Nauliza kwa sababu Kuroiler ni chotara. Ilitengenezwa India na Kegg Farms ya Vinod Kapur mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hapa kwetu ilianza kujaribiwa mwaka 2010, watafiti wa Arizona State University wakishirikiana na kituo cha serikali cha mbegu za mifugo cha Entebbe, NAGRC&DB. Mwenye mbegu anatunza mistari ya wazazi mbali mbali, halafu anawakutanisha, na kifaranga anayezaliwa hapo ndiye Kuroiler. Jogoo wake aliyekomaa anaelekea kilo 3.5, tetea kilo 2.5, na mayai kama 150 kwa mwaka, wakati kienyeji anataga kama 40.

Lakini ukimchukua huyo Kuroiler, jogoo na tetea, ukawazalisha wenyewe kwa wenyewe, watoto wanatawanyika. Mmoja anamfuata babu mzito, mwingine bibi mwepesi, na ile nguvu ya uchotara inapungua. Kundi lenye kilo 2.3 na kilo 1.2 siku moja linanifanya nishuku hivyo.

#6 Mama Rehema (Busia)
Daktari asante. Vifaranga nilichukua kwa mtu ana mashine ya kutotolesha hapa mjini. Majogoo yake nimeyaona uani, makubwa kweli, na aliniambia ni Kuroiler halisi. Wazazi wa hayo majogoo sikuulizia.

#7 Daktari wa Mifugo (Arua)
Basi hapo pana jambo. Majogoo yanaweza kuwa halisi na watoto wao wasiwe.

#8 Mpishi wa Pumba (Jinja)
Nasoma nikitikisa kichwa. Kila kuku akikonda tunalaumu mbegu! Mimi nachanganya chakula, na naona kinachoingia kwenye magunia. Mama Rehema, dagaa wako unamnunua wapi? Mukene, yaani huyo dagaa, anaanikwa mchangani kule ziwani, na mchanga unaongeza uzito wa gunia. Chukua kopo la dagaa uliosagwa, litie kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri, kisha mwaga taratibu. Kinachobaki chini kikikwaruza kati ya vidole, huo ni mchanga na umeulipia bei ya samaki.

Kuku wa nyama mdogo anataka protini asilimia 21 hadi 23, baadaye 18 hadi 20. Ukiweka pumba nyingi na dagaa wa mchanga, kuku anakula sana kutafuta kile anachokosa. Ndiyo maana unasema "wanakula vizuri mno". Mwenye nguvu anachagua vipande vizuri, mnyonge anabaki na vumbi. Matokeo yake ni hayo hayo ya kilo 2.3 na 1.2, hata mbegu ikiwa safi kabisa.

#9 Bi Zaituni (Jinja)
Mpishi wa Pumba umesema kweli na mimi naongezea mahindi. Yakivunwa na mvua yakalundikwa mabichi yanaota ukungu, na sumukuvu ikimwingia kuku ini linaharibika, hakui hata umpe nini. Mtakumbuka Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu hiyo hiyo. Yale yaliyokosa soko la watu mengine yaliishia wapi? Kwenye pumba za mifugo, mimi naamini hivyo.

#10 Muhindo (Bwera, Kasese)
Daktari na Mpishi wote mmeacha chanjo. Mama Rehema, maji unayochanjia ni ya bomba?

Chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi wa vifaranga, ni virusi hai. Ukiiyeyusha kwenye maji yenye klorini inakufa ndani ya ndoo, wewe unaandika daftarini "nimechanja". Halafu Gumboro ndogo inapita bandani, haiui wengi, ila inapiga kinga ya mwili na kuku wanabaki wadogo kwa wakubwa. Kwetu tunatumia maji ya mvua, au unayaacha ya bomba yakae wazi usiku kucha na unaongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta kabla ya chanjo. Kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kwanza, halafu wanywe yote ndani ya saa mbili.

#11 Mama Rehema (Busia)
Muhindo, ni ya bomba, na maziwa sikuwahi kuambiwa. Muuza dawa alinipa kichupa na kusema lita ngapi, basi.

#12 Mwalimu Opio (Tororo)
Samahani, swali la kawaida: hao uliowapima, majogoo na matetea wamechanganyika? Tetea wa Kuroiler kwa kawaida ni mwepesi kwa kilo nzima akishakomaa. Usije ukalinganisha kaka na dada.

#13 Mama Rehema (Busia)
Mwalimu, hao wawili wote majogoo. Mmoja anawika, mwingine naye anajaribu.

#14 Mwalimu Opio (Tororo)
Sawa. Na vyombo vya kulia? Kuku wote wanaweza kusimama na kula kwa pamoja, au kuna wanaosubiri? Kwa jirani yangu tuliongeza vyombo tu, hatukubadilisha kitu kingine, na wale wadogo wakaanza kufuata wenzao.

#15 Kaka Rwegoshora (Bukoba)
Shikamooni wazee, nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka wa Mutukula, Tanzania. Huku wengi tumeingia Sasso. Ni kuku wa Afrika Kusini, mwekundu, wengine shingo uchi, anavumilia joto, na wiki ya 10 hadi 12 una kuku wa kuuza mwenye rangi anayouliza mteja. Nyama yake iko katikati ya broila na kienyeji. Kwa Mama Rehema mwenye hoteli na wachuuzi, huyu ndiye anayewaridhisha wote.

#16 Daktari wa Mifugo (Arua)
Rwegoshora, marahaba. Sasso ni ya Ufaransa, Afrika Kusini ni njia tu ambayo wengine waliipatia. Kule kwao kuku wa aina hiyo wanafugwa kwa alama ya Label Rouge, na sheria ya alama hiyo ni kwamba kuku asichinjwe kabla ya siku 81. Kwa hiyo kuku wa polepole hajawa kuku wa umaskini, watu wanamlipia zaidi kwa sababu ya ladha. Ila onyo langu la #5 linamhusu yeye pia. Sasso ni chotara. Ukizalisha watoto wake mwenyewe, usilalamike mwaka wa pili.

#17 Afande Mstaafu (Bombo)
Siku 81 wanaita polepole? Waje Bombo wamwone jogoo wangu.

#18 Kijana wa Seeta (Mukono)
Afande, huyo jogoo wako ana haki ya kupiga kura sasa.

#19 Afande Mstaafu (Bombo)
Na atapiga, mwanangu. Wewe chunga wako wasife kwa jua kabla ya wiki ya sita.

#20 Byaruhanga (Kabale)
Hilo la kufa mimi nalijua kwa upande mwingine. Huku kwetu juu, karibu mita 2,000, broila wa kasi anajaa maji tumboni. Unamwona anahema, upanga wa kichwani umekuwa wa bluu, ukimpasua tumbo linamwaga maji ya manjano. Mwili unakua haraka kuliko moyo na mapafu, na hewa ya milimani ni nyembamba. Ukiongeza jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi, unawamaliza. Nilihamia kuku wa rangi na shida hiyo imeondoka. Kwa hiyo Mama Rehema, broila siyo wa kila mahali.

#21 Kijana wa Seeta (Mukono)
Ndugu Byaruhanga nakubali kwa Kabale, lakini Busia iko chini kuliko Kabale kwa mita mia kadhaa. Hiyo sababu haimgusi. La makaa linamgusa: sigiri lazima iwe na mahali moshi unatoka, na pembeni kuwe na nafasi ya kifaranga kukimbia joto. Wakijikusanya chini ya jiko wana baridi, wakikimbilia ukutani wakipanua mabawa wameungua. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama 3 kila wiki.

#22 Mpenda Luwombo (Kampala)
Mimi mlaji tu, siyo mfugaji. Naomba mniambie ukweli: broila wanachomwa homoni, si ndiyo? Kuku gani wa Mungu anakuwa kilo 2 kwa wiki tano? Ndiyo maana nyumbani hatuli.

#23 Daktari wa Mifugo (Arua)
Hapana, na hili naomba lisomwe na wote. Homoni ya ukuaji ni protini, ukimpa kuku mdomoni inayeyushwa kama chakula kingine. Ingebidi umchome kila kuku kila siku, na hakuna mfugaji atakayefanya hivyo kwa kuku wa bei hiyo.

Kinachomkuza ni uteuzi wa mbegu kwa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada kilitoa utafiti mwaka 2014: walichukua kuku wa nyama wa mbegu ya 1957, wa 1978 na wa 2005, wakawalisha chakula kimoja. Siku ya 56 wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Chakula kile kile na siku zile zile. Tofauti ni damu.

#24 Mpishi wa Pumba (Jinja)
Daktari umejifunga mwenyewe na umenifunga na mimi! Kama chakula ni kile kile na damu ndiyo inayoamua, basi #5 yako inashinda. Lakini angalia: wale wa 2005 walipewa chakula kizuri. Wape pumba za Jinja uone kama watafika 4,202. Mbegu ya kasi ndiyo inayoumia zaidi chakula kikiwa kibovu. Kienyeji atapata mende, broila atasubiri kwenye chombo mpaka afe.

#25 Mpenda Luwombo (Kampala)
Asante Daktari. Na ARV je? Hilo lilisemwa hata bungeni.

#26 Daktari wa Mifugo (Arua)
Hilo lilisemwa kweli. Septemba 2023 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ilikubali mbele ya kamati ya bunge kwamba wapo wanaowapa nguruwe na kuku dawa hizo. Ni hatari kwa mlaji, kwa kuwa mabaki yanaweza kubaki kwenye nyama, na ni wizi kwa mgonjwa anayezihitaji. Lakini usiunganishe hilo na broila kama broila. Anayefanya hivyo anaweza kumpa hata kienyeji. Muulize anayekuuzia anatumia nini na alisimamisha dawa lini kabla ya kuchinja.

#27 Nalongo (Mukono)
Kwa upande wa kupika niruhusuni. Luwombo wa broila haukai. Unamfunga kwenye jani la mgomba, unamweka kwenye mvuke saa mbili na zaidi, ukifungua amekuwa uzi. Kuku wa kienyeji au Kuroiler aliyekomaa anashika umbo, na jani linampa harufu. Kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho, mkwe akiletewa kuku aliyemeguka kabla ya kuguswa, wazee wataangaliana. Lakini wale wa Namawojjolo wanaochoma kando ya barabara ya Jinja, hapo broila anafaa sana: anaiva upesi, ana mafuta, msafiri ana dakika chache tu dirishani. Mama Rehema waulize hoteli zako wanapika vipi, ndipo uchague kuku.

#28 Afande Mstaafu (Bombo)
Nalongo umenifurahisha. Zamani Buganda wanawake hawakula kuku kabisa, walimpika tu. Leo nyie ndio mnatufundisha yupi ni mtamu.

#29 Nalongo (Mukono)
Tulimpika miaka yote hiyo, Mzee. Tulikuwa tunamjua kuliko waliokuwa wakimla.

#30 Mchuuzi wa Malaba
Mmezunguka sana, mimi nasema la sokoni. Nabeba kuku wazima. Broila wa wiki sita kwenye tenga la mchana hafiki. Akifika, amepungua na anahema. Kuku wa rangi ananikalia sokoni siku nzima, jioni bado anasimama.

Na kuna jambo halijatajwa: kusubiri. Januari 2017 mafua ya ndege yalipoonekana kando ya ziwa, Entebbe na Masaka, Kenya ilifunga mpaka kwa kuku wetu. Wenye broila waliokomaa walikwama, maana broila aliyefikisha uzito hasubiri. Kila siku anakula, miguu inamshinda, joto linamuua, na faida inaondoka gunia kwa gunia. Wenye Kuroiler na kienyeji waliwapunguzia chakula kizuri, wakawaachia uwanjani, wakauza baadaye. Mtu wa mpakani asichague kuku kwa kasi peke yake.

#31 Kijana wa Seeta (Mukono)
Hilo la kusubiri limenigusa, nakiri ni hoja nzito. Kwangu dawa yake ni oda kabla ya vifaranga. Siingizi kundi bila mnunuzi aliyesema tarehe. Lakini najua Seeta siyo Busia.

#32 Mama Rehema (Busia)
Nimerudi. Nimefanya jaribio la Mpishi wa Pumba. Nilisaga dagaa, nikatia ndoo, nikamwaga. Chini ulibaki mchanga wa kujaza kiganja, na vipande vya konokono. Kwa hiyo chakula changu kina kasoro, hilo halina ubishi.

Lakini nimempigia pia jirani aliyechukua vifaranga siku moja na mimi kwa mtu yule yule. Yeye analisha chakula cha kiwandani cha mfuko, hagusi dagaa. Wake nao wamepishana, wengine wakubwa, wengine wadogo, ingawa wakubwa wake wanawazidi wa kwangu. Sasa niambieni hapo ni mbegu au ni chakula?

#33 Daktari wa Mifugo (Arua)
Kupishana ni mbegu. Udogo wa jumla ni chakula.

#34 Muhindo (Bwera, Kasese)
Au huyo jirani naye anachanjia maji ya bomba lile lile. Muulize.

#35 Bi Zaituni (Jinja)
Au minyoo na kuhara damu. Makapi ya kahawa mliyotandika mliyabadilisha lini? Chukua konzi, lifinye, lifungue. Likibaki donge, sakafu ni mbichi na vimelea vinaongezeka humo. Kuku aliyeugua kuhara damu mdogo hata bila kinyesi chekundu, utumbo wake hauchukui chakula sawasawa tena. Mchinje mmoja mdogo na mmoja mkubwa, upasue utumbo wote kwa urefu, uangalie. Hiyo itakuambia mengi kuliko sisi wote.

#36 Mpishi wa Pumba (Jinja)
Bi Zaituni, sawa, ila msimwache na mchanga wake. Mama, dagaa huyo umrudishie aliyekuuzia.

#37 Akello (Lira)
Poleni kuingilia. Hapa kwetu kuna mtu anauza vifaranga vya njano kwa bei nusu ya broila, anasema ni Cobb. Nichukue? Nataka kuanza na mia moja.

#38 Daktari wa Mifugo (Arua)
Dada Akello, simama hapo. Kwenye kuku wa mayai wa kahawia, kama ISA Brown au Lohmann Brown, matetea huzaliwa kahawia na madume huzaliwa ya njano iliyopauka. Madume hayo hayana kazi kwa mfugaji wa mayai, yanauzwa karibu na bure, na wapo wanaoyauza kama broila. Ukiyalisha chakula cha broila utafilisika, yanakua taratibu na hayana kifua.

Si kwamba hayafai. Ukiyanunua kwa jina lake na kwa bei yake, ukayalisha kwa gharama ndogo miezi minne, unapata jogoo wa kuuza mzima sikukuu ikifika. Kwa kuwatofautisha angalia miguu: ya broila ni minene na mwili ni mpana kifuani tangu siku ya kwanza. Na omba risiti ya kituo kilichototolesha.

#39 Akello (Lira)
Asante sana Daktari. Miguu yao ni myembamba kweli. Nimeacha.

#40 Kaka Rwegoshora (Bukoba)
Mama Rehema, bado sijakata tamaa na wewe. Jaribu Sasso kidogo, upande mmoja wa banda, na Kuroiler wa kutoka kituo chenye wazazi upande wa pili. Chakula kimoja, chanjo moja, mzani mmoja. Uje utuambie.

#41 Kijana wa Seeta (Mukono)
Weka na broila 50 kona ya tatu tuwe na haki.

#42 Mchuuzi wa Malaba
Broila wa majaribio wapeleke hoteli moja kwa moja. Mimi msinipe.

#43 Mama Rehema (Busia)
Nimekubali kugawa banda. Broila itabidi kwanza nipate neno la hoteli. Swali kwa Daktari: kituo nilichopata kiko Kampala, vifaranga watasafiri na basi mpaka Busia. Watafika wazima? Na wakifika naanza na chakula au maji?

#44 Daktari wa Mifugo (Arua)
Watafika. Kifaranga anazaliwa na kiini cha yai tumboni kinachomtosha siku mbili hata tatu, lakini kadiri anavyochelewa ndivyo anavyoanza vibaya. Wasafiri usiku, boksi lenye matundu pande zote, lisiwekwe kwenye buti la chini wala juu ya injini, na boksi moja lisikae juu ya jingine bila nafasi ya hewa. Banda liwe limepashwa moto saa kadhaa kabla hawajafika. Wakifika maji kwanza, yenye glukosi kidogo, mchovye mdomo mmoja mmoja kwa wale waliolegea. Chakula saa moja au mbili baadaye, juu ya karatasi. Na chombo cha maji ya chanjo, Mama, kioshe bila sabuni wala jiki.

#45 Muhindo (Bwera, Kasese)
Na maji ya mvua anza kukinga leo, mawingu yapo.